Kambi ya Msimbazi: Msiba Usio na Maiti

"Pole mwanangu. Mama yako alikuwa mtu wa watu."

Hapo ndipo tulipomwacha Sitara Jumamosi iliyopita, msomaji: kamba ya turubai mkononi, na mwanamke asiyemjua amemkumbatia shingoni, analia machozi ya kweli.

Alikuwa?

Sitara alijitoa taratibu kwenye ile mikono. "Mama yangu yupo Magomeni kwa shangazi. Umekosea nyumba, mama."

"Nikosee nyumba gani?" Yule mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hapa si kwa Bi Nasreen? Si ile nyumba iliyoanguka na mvua za Aprili? Mimi naitwa Salma, nimeuza vitambaa na mama yako miaka kumi na miwili. Lo! Kumbe hata hawajakuambia!"

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Hawajaniambia nini?"

"Mimi si mtu wa kukuambia. Yupo mtu mzima wa familia yenu." Bi Salma akavua kandambili, akaenda kuketi mkekani, kichwa chini.

Sitara aligeuka kutazama mikeka yake. Aliitandika mwenyewe mchana ule, ionekane kwamba hapa wanaishi watu. Sasa ilikuwa imejaa wanawake. Walikuwa kumi na watatu, wote wamejitanda khanga, na wote walikwepa macho yake.

Upande wa pili wa turubai wanaume walikuwa wanashusha viti vya plastiki kwenye guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Nani aliagiza viti?

Ilikuwa saa nane kasorobo mchana. Kwa msomaji aliyetukosa wiki iliyopita: saa tisa kamili wajumbe wa baraza la ardhi walitakiwa kufika kuona kwa macho yao kama warithi bado wanaishi kwenye kiwanja hiki cha mtaa wa Msimbazi, au wamekihama, kama anavyodai mfanyabiashara Kasmir, anayekitaka ajenge ghorofa. Zuio linalomkataza Kasmir kukigusa lilikuwa linakwisha siku hiyo hiyo. Baraza likikuta watu, linaliongeza. Lisipokuta, asubuhi inayofuata tingatinga linaingia. Na tingatinga lenyewe lilikuwa limeegeshwa mtaa wa pili tangu juzi, siku ambayo watu wasiojulikana walibomoa kibanda cha mabati walichokuwa wanaishi Sitara na mama yake.

Ndiyo maana binti huyu, fundi cherehani ambaye hajawahi kulala porini hata siku moja, alikuwa anapiga kambi katikati ya Kariakoo, juu ya sakafu ya sebule ya marehemu baba yake.

Alimpigia mama yake. Simu haipatikani.

Akapiga tena. Haipatikani.

Akampigia Shangazi Tatu, Magomeni.

"Shangazi shikamoo. Mama yupo?"

"Marahaba. Katoka. Saa tatu asubuhi kanywa chai na chapati mbili, kavaa baibui lake jipya, kaniambia anaenda huko huko Kariakoo kuonana na mtu. Hajafika?"

"Mtu gani?"

"Nilimuuliza, akanijibu niangalie maharage yangu yanaungua. Na kweli yalikuwa yanaungua. Kwani kuna nini?"

"Hakuna, Shangazi. Akirudi mwambie anipigie."

Sitara alikata simu. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Salma, akapiga magoti mbele yake.

"Nionyeshe ulichokiona."

Bi Salma alisita. Kisha akafungua simu yake, akaigeuza.

*Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Nasreen binti Abdulhamid, mama wa Sitara na Sada, amefariki leo. Msiba upo kwake Msimbazi, kwenye kiwanja cha nyumba iliyoanguka. Ukipata habari hii mjulishe na mwenzio.*

Tangazo hilo lilikuwa limeingia saa sita na robo. Namba ilikuwa ngeni.

Sitara alisoma mara mbili. Hakuogopa neno *amefariki*. Aliogopa neno *Sada*.

Sada alikuwa pacha wake. Aliishi siku saba. Hapajawahi kuwa na picha yake wala jina lake kwenye karatasi yoyote. Duniani waliobaki wanamjua ni watu wanne tu: Mama, Shangazi Tatu, Sitara mwenyewe, na Baba Mdogo Bushiri.

Na Baba Mdogo Bushiri ndiye aliyekuwa pale kwenye guta, anapanga viti.

"Heriel!" Sitara aliita kwa sauti ya chini.

Heriel alikuwa juu ya ngazi, anakaza kona ya mwisho ya turubai. Kijana huyu wa Kilimanjaro ana duka la mahema na kamba mtaa wa nyuma. Hakuomba hata shilingi. Siku mbili nzima Sitara alikuwa anajiambia kwamba wema wa namna hiyo bado upo duniani. Sasa alimtazama akishuka, akajiuliza kama aliwahi kumjua.

"Nilikuomba hema la kulala, Heriel. Kwa nini umeleta turubai la misibani?"

"Hema ninalo, lile pale kwenye mfuko. Hili nimelileta la kivuli tu."

"Nani alikuambia ulilete?"

"Baba yako mdogo. Alinipigia saa saba, akasema jua kali, watu watakuwa wengi."

"Watu gani? Mimi nilitegemea wajumbe watatu!"

Heriel aligeuka. Alitazama mikeka, viti, wanawake waliojitanda. Uso wake ulibadilika rangi.

"Sitara, huu ni msiba."

"Ndiyo kwanza unaona?"

"Sikia. Baraza likifika likakuta msiba, litafanya nini? Litauliza habari za mipaka na mirathi mbele ya wafiwa? Hawawezi. Watavua viatu, watatoa pole, wataondoka. Watasema turudi baada ya arobaini."

"Na zuio linakwisha leo," alisema Sitara.

Wakatazamana. Umati ule aliodhani kwa dakika moja kwamba ungemlinda ulikuwa umeletwa kumzika akiwa hai.

Lakini je, Heriel alikuwa anamfumbua macho, au anajitoa lawamani? Sitara hakujua.

Alimfuata Bushiri kwenye viti.

"Baba Mdogo."

"Naam, mwanangu." Bushiri hakugeuka. Alipangusa kiti ambacho kilikuwa kisafi. "Umekula? Kaa kwanza ule. Wameleta wali."

"Sitaki wali. Nani kakwambia uagize viti?"

"Watu wanakuja, wakae chini?"

"Wanakuja kufanya nini?"

Mzee alishika mgongo wa kiti. "Sitara, wewe ni mtoto mwenye moyo. Tutazungumza. Ngoja tu watu watulie, nikae na wewe pembeni, taratibu."

"Zungumza sasa hivi!"

"Si sasa," alisema Bushiri, akachukua kiti kingine akaondoka nacho, mabega yamemshuka kama mtu mwenye hatia.

Baba yake mdogo. Damu ya baba yake. Amekula hela ngapi za Kasmir?

Wakati huo huo sauti nzito ilisema nyuma yake: "Poleni sana wafiwa."

Alikuwa Kasmir mwenyewe.

Shati jeupe, kalamu mfukoni, na nyuma yake vijana wawili wamebeba katoni za maji ya kunywa. Aliwaelekeza wagawe kwa akina mama kwanza. Akavua viatu vyake vya ngozi, akavipanga vizuri, akaketi kiti cha mbele kabisa.

"Ondoka," alisema Sitara.

"Dada yangu, kwenye kesi tuna yetu. Kwenye kifo sisi sote ni ndugu."

"Hakuna aliyekufa hapa na wewe unajua."

Kasmir alimtazama kwa huruma, akasema kwa sauti ya kutosha watu wa mikeka yote wasikie: "Maskini. Ndiyo kwanza linamwingia."

Saa ya mkononi ya Kasmir ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi.

Sitara alipanda juu ya tofali, mabaki ya ukuta wa chumba cha mbele.

"Jamani! Nisikilizeni! Asanteni kwa kuja, lakini mmedanganywa! Mama yangu hajafa! Hapa hakuna msiba, hapa ni kambi. Nimepiga kambi kwa sababu hapa ndipo ninapoishi!"

Kisha kilio kikapasuka, kikubwa kuliko cha mwanzo.

"Amechanganyikiwa mtoto wa watu!"

"Mshikeni asianguke!"

"Jikaze mwanangu, jikaze, Mungu ndiye anayetoa!"

Wanawake wanne walimfikia kwa pamoja. Mmoja alimshika kiuno, mwingine alimmwagia maji ya Kasmir kichwani. Bi Salma alimkandamiza kifuani kwake mpaka sauti ikazimika. Kadiri alivyosema mama yangu ni mzima, ndivyo walivyolia.

Ni kupitia upenyo wa mkono wa Bi Salma ndipo Sitara alipowaona wajumbe watatu wakiingia.

Mbele alikuwa mwenyekiti wao, Hyasinta, mwanamke mwembamba mwenye miwani na faili la kijani. Alisimama ukingoni mwa turubai. Alitazama. Akavua viatu.

Jamani, mwanamke huyu alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo ilikuwa inamuua Sitara.

"Poleni sana ndugu zetu," alisema Hyasinta, akiinamisha kichwa kwa Bushiri. "Hatukuwa na taarifa. Suala letu si la leo. Tutapanga siku nyingine."

"Ni ubinadamu," alisema Kasmir. Alikuwa ameshasimama kuwasindikiza.

Hyasinta akatia mguu wa kwanza kwenye kiatu.

"Heriel!" Ilitoka sauti ya Sitara, imechanika, kutoka kwenye mtandio wa Bi Salma. "Kata kamba!"

Hapa ndipo Heriel alipotakiwa kuonyesha yuko upande gani. Kama ni mtu wa Kasmir, angejifanya hakusikia. Kelele zilikuwa za kumtosha mtu yeyote kusingizia hivyo.

Kisu cha Heriel kilipita mara mbili. Turubai lote likashuka upande mmoja na kumfunika Kasmir na katoni zake. Jua la saa tisa likawapiga watu machoni. Wanawake walipiga kelele, mikono ikalegea, na Sitara akachomoka.

Hakukimbilia baraza. Alikimbilia ule mfuko, akamwaga hema chini.

"Anafanya nini huyu?"

"Mwacheni! Mwacheni tuone!"

Akaunganisha fito, zile nyembamba zinazokunjika, moja ndani ya nyingine, kama Heriel alivyomfundisha dukani. Akazipitisha kwenye mikunjo ya kitambaa. Akazipinda, hema likainuka kama kuku anayesimama kutoka kwenye mayai. Vigingi havikuwa na kazi, maana chini ni saruji aliyoimwaga baba yake mwenyewe. Kwa hiyo alifunga kila kamba kwenye tofali. Kona moja, mbili, tatu. Ya nne ilimkatalia kwa sababu vidole vilikuwa vimelowa. Akaifunga kwa meno.

Kisha akawasha jiko la mkaa alilokuja nalo asubuhi. Akabandika sufuria la maharage.

Minong'ono ikaanza. Mfiwa hawashi moto. Mfiwa analetewa.

Lakini Kasmir alikuwa ametoka chini ya turubai, nywele zimesimama. "Mheshimiwa, huyu binti ni mgonjwa. Mtampa aibu bure."

Hyasinta bado alikuwa na kiatu kimoja mguuni.

Sitara alitazama duka la nguo la ng'ambo. Kila siku ya Mungu spika la Goodluck, mwenye duka hilo, hupasua masikio ya mtaa mzima. Tangu saa saba lilikuwa kimya.

"Goodluck! Washa spika!"

"Dada, kwenye msiba? Mimi mwenzio nina watoto!"

"Mama yangu anazushiwa kifo na watu asiowajua! Kama umewahi kula maandazi yake, washa!"

Goodluck aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akawasha.

Muziki wa singeli ukalipuka. Na Sitara, mwenye haya tangu utoto, akafunga khanga kiunoni, akacheza. Alicheza vibaya, machozi yanamtoka, macho yamemkazia mwanamke mwenye faili la kijani.

Nakuapia, msomaji, mtaa ulisimama.

Hyasinta akavua tena kile kiatu kimoja. Akainua mkono, na Goodluck akapunguza sauti.

"Nawauliza nyote," alisema. "Nani hapa ameuona mwili wa marehemu?"

Bi Salma akashusha mtandio kutoka usoni.

"Nani amemwosha?"

Wanawake wakatazamana.

"Jeneza limeombwa msikiti gani? Kaburi linachimbwa wapi?"

"Mimi nimepata kwenye simu," alisema Bi Salma.

"Na mimi."

"Mimi nimetumiwa na wifi."

"Na wewe mzee?" Hyasinta alimgeukia Bushiri. "Wewe ndiye mwenye msiba. Umemwona?"

Bushiri alikaa kwenye kiti. "Nimepata kwenye simu, mama. Kama hao."

"Na hukumuuliza binti?"

"Ningemuuliza nini?" Mzee alipasuka kwa kilio. "Nilimkuta anafunga kamba, anaimba. Nikajua hajui. Habari ya kifo cha mama haitupwi tu kwa mtoto kama taka! Nilikuwa nautafuta mwanya nimwambie vizuri. Saa mbili nzima nimeupakata msiba huu peke yangu, napangusa viti!"

Sitara aliacha kucheza. Alienda akapiga magoti miguuni kwa baba yake mdogo, akakiweka kichwa chake pale. Alikuwa amemhukumu mzee wa watu kwa sababu alikwepa macho yake, kumbe mzee alikuwa anaficha machozi.

"Nisamehe, Baba."

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Saa tatu asubuhi alikula chapati mbili."

Bushiri alicheka na kulia kwa pamoja. Baadhi ya wanawake walianza kufyonya. Mmoja aliuliza kama wali ule bado unaruhusiwa kuliwa. Unaruhusiwa, alijibiwa, na sahani zikazunguka.

Hyasinta hakucheka. Alizunguka hema. Alichungulia ndani, akagusa kamba, akatazama sufuria linalochemka. Akaandika. Halafu akasoma kwa sauti: "Baraza limefika saa tisa. Limekuta makazi ya muda, jiko linatumika, mrithi yupo na anaishi eneoni."

Heriel alimkamata Sitara mkono bila kufikiri. Hakuuachia, na Sitara hakuutoa.

"Bado jambo moja," alisema Hyasinta. "Msimamizi wa mirathi ni mama yako. Anatakiwa aweke saini na dole gumba hapa, leo, kabla ya ofisi kufungwa saa kumi na moja. Akiweka, zuio linaongezwa leo hii."

Jambo moja lilimsumbua Sitara. Mtu aliyeshindwa huondoka. Kasmir hakuondoka. Alirudi kwenye kiti chake cha mbele, akafungua chupa ya maji, akanywa polepole, kama mtu anayesubiri chakula alichokwisha agiza.

Bajaji ilipiga honi.

Akashuka mwanamke mnene mwenye baibui jipya. Bi Salma ndiye aliyemwona kwanza. Alipiga yowe, sahani ikamtoka. Wanawake wawili walikimbia wakiacha kandambili.

"Mama!"

Sitara alimrukia. Alimnusa. Alikuwa na joto, alikuwa na jasho, alikuwa na ile harufu ya udi. Alikuwa mzima. Binti alilia kama mtoto wa chekechea, na ninakiri kwamba hata mwandishi wa hadithi hii alisimamisha kalamu hapo.

Lakini mama hakumkumbatia kwa mikono miwili. Alitumia wa kushoto tu. Wa kulia ulibaki ndani ya baibui.

"Mama, kuna mtu kakuua kwenye simu! Kamtaja mpaka Sada! Tutamtafuta, Mama, tutamshitaki..."

"Usimtafute," alisema Bi Nasreen.

"Kwa nini?"

"Niliandika mimi, kwa namba nyingine."

Sahani zikatulia. Hata Bushiri aliinuka.

"Nilijua wakikuta msiba wataondoka," aliendelea mama, bila kumtazama mtu. "Nilitaka waondoke tu, mwanangu. Yasisemwe mbele yako."

"Yapi?"

Bi Nasreen aliuvuta mkono wa kulia ndani zaidi. Hyasinta alikuwa amesogea, faili wazi, kidau cha wino mkononi. "Mama, pole na usumbufu. Saini hapa. Na dole gumba la kulia, hapa."

Bi Nasreen hakusogea.

"Mama, weka," alisema Sitara. "Weka, nyumba ibaki yetu."

Kutoka kiti cha mbele, Kasmir alifunga kifuniko cha chupa yake. "Waonyeshe mkono, Mama Sitara," alisema kwa upole. "Mtoto ni mkubwa."

Taratibu sana, Bi Nasreen aliutoa mkono wa kulia ndani ya baibui.

Dole gumba lilikuwa tayari la bluu, na wino ulikuwa bado haujakauka.